Penisilini na Ukuta wa Bakteria

Wengi hudhani kuwa penisilini, dawa iliyotokana na ukungu ambao Alexander Fleming aliuona ukizuia bakteria kumea katika kisahani cha maabara mjini London mwaka 1928, ni sumu inayounguza vijidudu, ilhali dawa hii haimtoboi bakteria wala haimchomi, bali humwacha ajimalize mwenyewe.

Bakteria huzungukwa na ukuta wa peptidoglikani, yaani wavu wa minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi za amino, na ukuta huo ndio unaomzuia asipasuke kwa shinikizo lililomo ndani yake, ambalo kwa stafilokoka hufikia takriban mara 20 ya shinikizo la hewa. Kila anapokua hulazimika kuufumua ukuta kidogo kidogo na kuufuma upya, na fundo la mwisho hufungwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho hutafuta ncha yenye alanini mbili zinazofuatana. Penisilini inafanana mno na ncha hiyo, hivyo kimeng'enya huikamata, na hapo pete yake ya pembe nne hufunguka na kukinasa kisiweze kufunga fundo jingine, huku vimeng'enya vya kufumua vikiendelea na kazi yao mpaka ukuta unalegea, maji yanaingia na bakteria anapasuka.

Kwa kuwa bakteria asiyekua haathiriki, dawa ya jamii hii hufaa iwemo mwilini karibu muda wote, na ndiyo maana 1×3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, inayoandikwa kwenye bahasha ya amoksilini, mmoja wa jamii hiyo, humaanisha kila baada ya saa 8, si asubuhi, mchana na jioni kama inavyomezwa na wengi. Kuinunua kwa ajili ya mafua ni kutupa fedha na kuwazoesha bakteria dawa, maana mafua huletwa na virusi, ambavyo havina ukuta wa kufumwa.

Dawa za vijidudu vingine nazo hutafuta kitu ambacho binadamu hana. Fangasi ni wagumu zaidi kuwalenga, kwa sababu seli zao zinakaribiana na za binadamu, hivyo dawa ya flukonazoli huzuia kutengenezwa kwa ergosteroli, mafuta ya utando wao ambayo binadamu hana. Asaikloviri, dawa ya virusi, nayo huamshwa na kimeng'enya cha virusi vya malengelenge vyenyewe. Penisilini, licha ya usugu ulioenea, ingali ikitumika kwa kaswende, maambukizi ya bakteria kooni, kinga ya homa ya baridi yabisi, na kadhalika.