Kitasa cha Ndani ya Gari si Pambo



Wengi wetu tunaotoka Bugarama kwenda Rumonge, kwenye michikichi na mitambo ya mawese, tunapanda magari ya zamani. Tuchukue mfano wa Peugeot 504. Ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na saluni yake ikaachwa huko mwaka 1983. Injini yake mafundi wetu wanaiweza. Kinachotutatiza ni vitu vidogo vya ndani: kitasa cha kufungulia mlango na mkono wa kuzungushia kioo. Mara nyingi gari zima hubaki na mkono mmoja, nao abiria hupokezana.

Jambo hili si dogo. Barabara yetu inapita kandokando ya Ziwa Tanganyika. Gari likitumbukia majini, uzito wa maji huuzuia mlango usifunguke. Njia ya kutokea ni dirisha, nalo lazima lifunguliwe mara moja, kabla maji hayajapanda. Na moto ukiwaka, asiye na kitasa amefungiwa ndani.

Basi kipuri tukitafuteje?

Kwanza, tusimtume mtu Bujumbura mikono mitupu. Abebe kile kilichovunjika, hata kama ni kipande. Mafundi na wauza vipuri wa Buyenzi hulinganisha kwa macho. Tundu la mkono wa kioo lina meno. Yahesabiwe, na upana wa tundu upimwe. Kitasa cha mlango wa kushoto mara nyingi hakiingii kulia, kwa hiyo upande utajwe.

Pili, tuangalie skrubu. Peugeot hutumia kipimo cha milimita, lakini Land Rover nyingi za zamani hutumia cha inchi. Skrubu ikilazimishwa, huharibu tundu, na kitasa kipya hung'oka siku ya hatari.

Tatu, kipuri kikikosekana kabisa, msubu vyuma aweza kukitengeneza kwa alumini katika kalibu ya mchanga, akitumia cha zamani kama kielelezo. Ajue kwamba alumini hunywea kidogo ikipoa. Kwa hiyo tundu lisisubiwe tayari; litobolewe kwa keekee, kisha meno yachongwe kwa tupa. Vitasa vingi vya asili ni vya mchanganyiko wa zinki, ambao huyeyuka kabla ya nyuzi 400. Kuvichomelea kwa gesi ni kuvipoteza.

Waya na koleo si matengenezo. Gari likiwa la mwajiri, kulitengeneza ni wajibu wake, wala gharama isitoke mfukoni mwa mfanyakazi. Kabla ya kuondoka, kila mlango na kila kioo kijaribiwe kutoka ndani. Kisichofunguka kiandikwe na kupelekwa kwa mjumbe wetu, ili adai kwa niaba ya wote. Dereva peke yake hatasikilizwa. Sote pamoja tutasikilizwa.