Ramani ya mmomonyoko inavyomhusu mnunuzi wa viazi

RUBAVU, Rwanda

Mfanyabiashara anayesubiri viazi mviringo mjini Rubavu, jirani kabisa na mpaka wa Goma, huwa na maswali matatu: gunia ni bei gani, barabara inapitika, na mpakani kuna foleni? Wachache huuliza swali la nne: viazi hivyo vimelimwa kwenye mteremko wa namna gani?

Hata hivyo, swali hilo linaweza kuamua iwapo mkulima aliyepokea arbuni mwezi Machi atakuwa na mzigo wa kujaza lori mwezi Juni.

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa ilinyesha kaskazini na magharibi mwa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika, milima ikaporomoka, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha. Mashamba yalisombwa na barabara kadhaa zikafungwa. Kwa aliyekuwa ameshatoa fedha kwa mazao yaliyokuwa bado ardhini, hasara ilianzia mlimani, kabla hata gunia halijashonwa.

Sebeya huanzia kwenye milima ya Gishwati na kumwaga maji Ziwa Kivu, hapo hapo Rubavu. Msitu wa Gishwati ulikatwa kwa sehemu kubwa katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita kupisha malisho, mashamba na makazi. Kilichobaki sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Mahali palipokuwa na miti, leo pana viazi, maharage na mahindi kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha, mto hubadilika rangi kuwa wa kahawia, na tope lake limekuwa likikisumbua hata kiwanda cha kusafisha maji cha Gihira.

Ndiyo maana Rwanda, kupitia Bodi ya Rasilimali za Maji, imekuwa ikichora ramani zinazoonyesha maeneo yenye hatari ya mmomonyoko, ili matuta na miti vipelekwe kwanza pale panapohitaji zaidi.

Mambo matano

Ramani nyingi za aina hii hutegemea kanuni iliyobuniwa na wataalamu wa Marekani katika karne iliyopita, ambayo sasa hutumika duniani kote. Kanuni hiyo huangalia mambo matano: nguvu ya mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, mimea inayofunika ardhi, na hatua za kuzuia maji kama vile matuta na makinga maji.

Mvua hupimwa kwa vituo vya hali ya hewa na setilaiti. Mteremko hupatikana kwa takwimu za miinuko, zikiwemo zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000. Mimea huonekana kwenye picha za setilaiti kama Sentinel-2 za Ulaya, zenye uwezo wa kutofautisha vipande vya ardhi vya mita 10 kwa 10.

Kompyuta huipa kila sehemu ya ardhi alama tano, kisha huzizidisha. Ardhi iliyo tupu hupewa alama 1 ya mimea, na msitu mnene hupewa alama iliyo karibu na sifuri. Kwa kuwa alama huzidishwa, mteremko mkali wenye msitu unaweza kuwa salama kuliko mteremko wa wastani uliolimwa na kuachwa wazi. Jibu hutolewa kwa tani za udongo zinazoweza kupotea kwa hekta kwa mwaka, na ramani hupakwa rangi, mara nyingi kijani kwa hatari ndogo na nyekundu kwa hatari kubwa.

Kwa mtu wa magunia, hesabu ni hii. Milimita moja ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja, ni mita za ujazo 10, yaani takriban tani 10 hadi 13. Jicho haliwezi kuona kwamba shamba limepungua milimita moja. Lakini huo ni mzigo wa lori zima, na ni udongo wa juu, ule wenye mboji na mbolea aliyonunua mkulima. Msimu unaofuata atahitaji mbolea zaidi kupata magunia yale yale, na gharama hiyo huishia kwenye bei.

Wakati wa hatari

Viazi vina tatizo lao. Hupandwa kwenye udongo uliotifuliwa, na wakati wa kuvuna udongo hutifuliwa tena. Wiki za kwanza baada ya kupanda, majani bado hayajafunika ardhi, na ndipo mvua za masika huanza kushika kasi. Huo pia ndio wakati wanunuzi wengi hutoa arbuni. Fedha ya mfanyabiashara huingia shambani wakati shamba lina kinga ndogo kabisa.

Ramani nayo ina mipaka yake. Inaonyesha hatari, si hasara iliyokwisha kutokea. Takwimu za miinuko za mita 30 huchukua eneo la mita za mraba 900 kama kipande kimoja, na wakulima wengi wa Rwanda wana chini ya hekta moja. Shamba lenye matuta mazuri linaweza kujikuta ndani ya rangi nyekundu kwa sababu ya majirani. Tena kanuni hii huhesabu udongo unaochukuliwa na maji kidogo kidogo. Haihesabu makorongo wala maporomoko ya ardhi kama yale ya 2023.

Kwa hiyo ramani humwonyesha mnunuzi mahali pa kwenda kuangalia. Akifika, mambo ya kutazama ni machache. Je, mistari ya viazi inakata mteremko au inashuka nao? Matuta yana majani yaliyopandwa kingoni, au yamebomoka? Maji ya mtaro wa barabarani yanaelekea wapi? Mawe na mizizi vimeanza kujitokeza?

Anayenunua kwa wakulima wa vilima kadhaa anaweza pia kugawa arbuni yake, asiiweke yote kwenye mteremko mmoja. Na anaponunua kupitia ushirika, anaweza kuweka sharti kwamba sehemu ya fedha itumike kukarabati matuta kabla ya mvua. Sharti hilo lina maana pale tu bei anayolipa inamwachia mkulima nafasi. Mkulima anayebanwa bei kila msimu hulima hadi ukingo wa mto na kung'oa majani ya matuta ili apate mstari mmoja zaidi wa viazi.

Mstari huo huongeza magunia machache mwaka huu. Mvua kubwa ikija, udongo wake huteremka na Sebeya hadi Ziwa Kivu, na mnunuzi hulazimika kutafuta viazi mbali zaidi.