Hadhari za Mvua za Kwanza: Chavua, Sumu ya Nyoka na Jino la Mbwa

Mvua za kwanza zishukapo katika mbuga za Shinyanga, aghalabu mwezi wa Novemba, baada ya kiangazi kirefu kilichoacha udongo umepasuka na upepo umejaa vumbi, kila kilichokuwa kimejificha hutoka: nyasi huchipua, migunga hunawiri, nyuki huchangamka mizingani, nyoka ambaye shimo lake limejaa maji hutafuta pahali pakavu, na watoto wafuatao mifugo tangu alfajiri hukutana na viumbe hivi vyote bila ya silaha ghairi ya fimbo na mbwa wa nyumbani. Ni majira ya rehema, kwa kuwa pamba, mpunga na mahindi huanzia hapo. Lakini yanataka hadhari, na hadhari ninayokusudia kuizungumzia ni ile ya saa ya kwanza baada ya madhara, saa ambayo tabibu yu mbali na mgonjwa yumo mikononi mwa aila yake.

Nianze na lililo jepesi, ingawa wepesi wake hudanganya. Mtu apigaye chafya mfululizo asubuhi, macho yakimwasha na pua ikimtiririka maji meupe, bila ya homa, na hali hiyo ikamrudia kila mwaka nyasi zitoapo maua, aghalabu hana mafua. Ana mzio, yaani mwili wake umekidhania kitu kisicho adui kuwa ni adui. Wako wanaoilaumu migunga, na mimi naitetea. Mkoa huu ulikuwa ukielekea jangwani hata ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, wananchi wakahimizwa kuirudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, ya kutenga malisho yasiguswe mpaka kiangazi kikali, na miti ikarejea katika malaki ya hekta. Chavua ya mgunga huchukuliwa zaidi na wadudu; inayopeperushwa na upepo hata ikaingia puani ni ile ya nyasi, na pamoja nayo vumbi la ndani ya nyumba na kuvu za ghala lenye unyevu. Kuosha uso urudipo shambani, kuanika matandiko juani, na kidonge cha mzio kwa ushauri wa mganga wa zahanati hutosha kwa wengi. Viuavijasumu havifai kitu hapo, ila huwazoeza vijidudu dawa.

Lakini kwa mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, huko Geita, maneno hayo hayatoshi hata kidogo. Yeye hushinda ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, akipasua mwamba, au kando ya karasha linalousaga mwamba huo kuwa unga, na vumbi analolivuta si la kupigisha chafya tu: hutua mapafuni, likayakaza na kuyatia makovu yasiyofutika, na mapafu yenye silikosisi huwa ni malango wazi ya kifua kikuu. Basi kikohozi cha mchimbaji kilichopita majuma mawili kisiitwe mzio wala vumbi la kawaida, bali makohozi yapelekwe hospitali yakapimwe.

Nyuki ndiye aunganishaye mambo haya mawili, jeraha na mzio. Wengi akiwachoma huvimba pahali palipochomwa, mwiba ukikwanguliwa upesi na maji baridi yakatiwa, jambo limekwisha. Wachache, ambao pengine walichomwa zamani wasipate taabu, hutokwa na vipele mwili mzima, wakavimba midomo na ulimi, pumzi ikapiga filimbi, wakaanguka. Hao dawa yao ni sindano ya adrenalini, na kila dakika ina thamani yake.

Sasa nyoka. Usukumani kuna chama cha wataalamu wa nyoka, Bayeye, ambao tangu dahari huwakamata, hucheza nao ngoma, na hurithishana dawa za miti. Wayajuayo juu ya tabia za nyoka ni elimu ya kweli nami naiheshimu. Lakini sumu ya kifutu, anayelala njiani akifanana na majani makavu, huozesha nyama ya mguu, na ya koboko huizima pumzi, na hakuna mzizi wala jiwe la nyoka lililothibitika kuitoa sumu hizo mwilini. Aliyeumwa avuliwe pete na viatu kabla ya uvimbe, atulizwe, kiungo kifungwe kwa vijiti kisitikisike kama kifungwavyo mfupa uliovunjika, kisha achukuliwe, asitembee. Asikazwe kamba, asichanjwe, asinyonywe jeraha: kamba imewapotezea miguu watu ambao sumu yenyewe isingewakata. Aliyetemewa na swila machoni aoshwe kwa maji safi mengi, muda mrefu, bila ya kusugua. Na dawa ya sumu haitolewi nyumbani kwa sababu yenyewe, ikitengenezwa kwa damu ya mnyama, huweza kumletea mgonjwa mzio mkali. Ni lazima mtabibu awe karibu na adrenalini tayari. Shirika la Afya Duniani liliyatia madhara ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, nami naona lilichelewa.

Hata hivyo linalonitia hofu zaidi ni jino la mbwa, kwa kuwa jeraha lake huenda likawa dogo, likapona, na mtu akafa baada ya mwezi au miezi mitatu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa akayaogopa maji ilhali ana kiu, hakina tiba. Kabla ya dalili kinazuilika karibu kabisa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister mwezi wa Julai 1885 jambo hili linajulikana, na bado ulimwengu unakadiriwa kupoteza watu 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Asia na Afrika, na watoto kwa wingi.

Mtoto akirudi malishoni na alama za meno kwenye shavu la mguu, akaficha kwa kuogopa kukaripiwa, asikaripiwe. Akalishwe kigodani, mguu juu ya beseni, mmoja amimine maji kwa kata bila ya kukatiza na mwingine aoshe kwa sabuni, povu liingie ndani ya tundu la jino hata kama analia, dakika 15 kamili kwa kutazama saa. Sabuni hiyo ya kufulia huviua virusi vingi kabla havijaushika mshipa wa fahamu. Pasipakwe pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha hospitali siku ile ile, akaanze chanjo, na jeraha likiwa la kutoboa, apewe na kinga ya haraka ndani ya jeraha lenyewe. Mbwa asiuawe ikiwa anaweza kufungwa: akimaliza siku kumi akiwa mzima, daktari aweza kuisimamisha chanjo.

Shida ni kwamba chanjo ya watu aghalabu hukaa hospitali ya wilaya, mbali na zahanati ya kijiji, na mzazi hudaiwa nauli na bei kwa kila sindano, akaacha kabla ya kukamilisha. Ilhali njia rahisi ipo kwa mbwa wenyewe. Wataalamu waliofuatilia maambukizo katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro waliona kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa humwambukiza kwa wastani mwenzake mmoja na ziada ndogo. Wakichanjwa 7 katika kila 10, mnyororo hukatika. Mbwa wa Usukumani wana wenyewe, wanajulikana kwa majina, na mtoto aweza kumshika shingo akachanjwa. Halmashauri za Shinyanga, Kahama na Geita zikipeleka maofisa mifugo minadani na vijijini mwezi wa Septemba, kabla ya watu kutawanyika mashambani, na zikarudia kila mwaka bila ya kuruka, gharama yake itakuwa ndogo kuliko ile ya sindano tunazowatafutia watoto wakiwa wamekwisha kuumwa.