KIHARUSI SI UCHAWI



Mtu amelala mzima. Asubuhi mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Hapa Msangano wengine husema amerogwa. Hapana, hicho ni kiharusi. Ugonjwa uko ndani ya ubongo, si mkononi.

Damu hufika kwenye ubongo kwa mishipa, kama maji ya mfereji yaendavyo kwenye majaruba ya mpunga. Mara nyingi damu iliyoganda huziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka.

Kwa macho huwezi kutofautisha. Hata mimi hapa zahanati siwezi. Inatakiwa picha ya kichwa, hospitali kubwa. Basi usimpe mgonjwa aspirini nyumbani. Kama mshipa umepasuka, aspirini huzidisha kuvuja damu. Usimnyweshe uji wala maji, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mlete upesi.

Usidhani ni ugonjwa wa mjini. Mwaka 2003 hadi 2006 wagonjwa walihesabiwa Dar es Salaam na vijijini Hai. Walipatikana kote.

Presha huleta aina zote mbili, nayo haiumi. Tumbaku, chumvi nyingi na kisukari huongeza hatari. Njoo upimwe hata kama unajiona mzima. Ukipewa vidonge vya presha, usiviache kwa sababu umepata nafuu.