Kikalio, Sponji na Kava: Istilahi za Kutengeneza Kiti cha Gari

Agizo la kutengeneza kiti cha gari kilichochakaa mara nyingi huandikwa kwa maneno mawili tu: "Kiti kibadilishwe." Fundi anayelisoma anaweza kulielewa kwa njia tatu. Anaweza kununua kiti kizima, anaweza kubadilisha kilichomo ndani, au anaweza kushona kitambaa kipya na kuacha ndani kama palivyokuwa. Gharama za kazi hizo tatu hazikaribiani hata kidogo, na aliyeandika agizo hana haki ya kumlaumu fundi. Kwa hiyo tunakusudia kueleza sehemu za kiti, namna ya kukitengeneza, na maneno yanayofaa kutumiwa.

Sehemu za kiti

Kiti ni jina la kitu kizima. Sehemu tunayoikalia tunapendekeza iitwe kikalio, na ile ya mgongoni iitwe egemeo. Vyote viwili hushikwa na fremu ya chuma inayoteleza juu ya reli. Ndani ya kikalio mna springi, yaani nyaya za chuma zinazobeba uzito. Juu ya springi pana sponji. Na juu ya sponji pana kitambaa, ngozi au ngozi bandia iliyoshonwa kwa kipimo.

Neno sponji limewatatiza baadhi ya wafasiri. Wako wanaoandika "povu la kiti" kwa kufuata lugha ya kigeni. Povu ni la sabuni na la bahari. Hakuna duka linalouza povu la kukalia. Sifongo nalo ni lile la baharini. Kitu cha kiwandani mafundi hukiita sponji, na hatuoni sababu ya kuwanyang'anya neno lao. Kitu hiki si cha kale. Poliurethani, ambayo ndiyo asili yake, ilibuniwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na sponji laini ya kukalia ikaenea tangu miaka ya 1950. Kabla ya hapo watu wa pwani walijaza magodoro na mito kwa sufi au usumba, na maneno hayo yabaki na maana zake.

Takia ni mto mkubwa unaowekwa na kuondolewa. Si sehemu ya kiti. Madereva wengi hulikalia takia pale sponji inapobonyea. Tiba hiyo ina hatari. Gari likigonga, takia huteleza, na mwili unaweza kupita chini ya mkanda wa usalama. Kava nalo ni vazi la kuvalisha juu ya kitambaa kilichoshonwa. Kava huficha uchakavu, haliuondoi.

Kutambua kilichochakaa

Kikalio kibonyezwe kwa ngumi. Kikibaki kimebonyea, sponji imechoka. Kikilia au kikiinama upande mmoja, springi au fremu ina kasoro. Kikirudi sawasawa lakini juu pamechanika, kinachohitajika ni kitambaa tu. Kwetu, ambako dereva huketi kulia, ukingo wa kikalio ulio upande wa mlango ndio hutangulia kufa, kwa sababu husuguliwa kila anapoingia na kutoka.

Kujitengenezea

Mwenye spana na subira anaweza kuifanya kazi hii katika gari la zamani lisilo na nyaya chini ya kiti. Kwa kawaida kiti hushikwa na bolti nne kwenye reli. Kikishatolewa, vipete vya waya vinavyobana kitambaa hukatwa, kitambaa huvuliwa taratibu, na springi hukaguliwa kabla ya jambo jingine lolote. Sponji mpya juu ya springi iliyokatika ni fedha iliyotupwa. Sponji iliyobonyea sehemu moja huzibwa kwa kipande kinachogandishwa kwa gundi. Iliyomeguka yote hubadilishwa. Gundi hiyo hushika moto upesi, basi ipakwe nje, mbali na jiko na sigara.

Katika kununua, maneno mawili yasichanganywe. Ugumu ni jinsi sponji inavyoukataa mkono. Uzito wake kwa mita moja ya ujazo ndio huonyesha itadumu kiasi gani. Sponji inaweza kuwa ngumu leo na kubonyea baada ya miezi michache kwa kuwa ni nyepesi. Kwa kikalio cha gari itafutwe yenye kilo 40 au zaidi kwa mita moja ya ujazo.

Kumpelekea fundi

Kitambaa kikiwa kimechanika, afadhali kazi apewe fundi wa kushona viti. Yeye hufumua kitambaa cha zamani, hutumia vipande vyake kama kielelezo cha kukatia kipya, kisha hushona kwa cherehani nzito na uzi wa nailoni.

Yapo magari yasiyopaswa kuguswa na asiyejua. Mwaka 1994 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilianza kuweka mifuko ya hewa ya usalama ubavuni mwa viti, na wengine wakafuata. Mshono wa ubavu wa kiti cha namna hiyo umetengenezwa ufumuke mfuko unapofura. Ukishonwa kwa uzi mgumu, au ukivalishwa kava lisilofaa, mfuko unaweza kushindwa kutoka wakati wa ajali. Nyaya zake zisifunguliwe kabla ya kutenganisha betri na kungoja kwa muda uliotajwa katika kitabu cha gari.

Agizo linavyofaa kuandikwa

Kwa sababu hizo, badala ya "kiti kibadilishwe", tunapendekeza kuandika hivi: "Kikalio cha dereva kibadilishwe sponji, springi zikaguliwe, kitambaa cha zamani kirudishwe, mshono wa mfuko wa hewa usiguswe." Sentensi hiyo haina neno ambalo fundi halijui, wala neno lenye maana mbili. Walimu wa shule za ufundi na wafasiri wa vitabu vya magari wayajaribu maneno haya mbele ya mafundi wa mahali pao. Neno litakaloleta utata karakanani, hata likiwa zuri kitabuni, linafaa kufikiriwa upya.