Mdiria na Samaki wa Ghuba ya Mwanza

Baiskeli haina mngurumo. Mwanafunzi aiendeshaye polepole kutoka Mwanza hadi Nyegezi aweza kumkaribia mdiria mweusi na mweupe, ndege aelekezaye mdomo majini huku akipigapiga mabawa hewani, kisha hujitosa. Zamani alikula furu hasa. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na furu wakapungua sana. Wataalamu walipochunguza mifupa itapikwayo na mdiria, waliona amehamia kwenye dagaa. Kwa kuwa dagaa ni mdogo, ilimlazimu kuvua samaki wengi zaidi ili ashibe. Hivyo, ahesabuye mbizi za mdiria huchunguza pia hali ya ziwa.