Maziwa ya Ng'ombe Aliyepigwa Sindano

Ng'ombe wako akivimba kiwele, maziwa yakatoka na mabonge, unafanya nini? Wako wakulima hapa Nyamarambe, na wenzao wa setilmenti za Borabu, ambao huenda agroveti, hununua chupa ya penisilini au tetrasaiklini, humpiga ng'ombe sindano siku moja au mbili, na uvimbe ukipungua huirudisha chupa rafuni ingoje ugonjwa mwingine. Maziwa ya jioni ile ile huuzwa, kwa sababu karo ya shule haingoji. Shida hiyo twaijua. Lakini yafaa ufahamu linalotokea ndani ya ng'ombe huyo, na ndani ya mtoto anywaye maziwa yake.

Wazee wanakumbuka majosho ya aseniki. Hapo kwanza kupe walikufa karibu wote. Wale wachache waliobaki ndio waliozaa, na watoto wao hawakuiogopa aseniki. Ikaletwa toksafeni, na baada ya miaka hiyo nayo ikashindwa. Si kwamba kupe mmoja mmoja alijifunza. Walio dhaifu walikufa, na wagumu wakaachiwa ng'ombe peke yao. Bakteria nao huwa vivyo hivyo, ila wana haraka zaidi. Bakteria mmoja wa tumboni, akipata joto na chakula, aweza kugawanyika kuwa wawili kila dakika 20 hivi. Kabla ya muda wa saa saba kutimia, huyo mmoja amekuwa zaidi ya milioni moja.

Basi ukitoa dawa kidogo, au ukiiacha kabla ya siku zake kwisha, umeua wale dhaifu tu na kuwapa wagumu nafasi. Bwana Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945. Wala dawa haikai kiweleni peke yake. Huzunguka mwilini, nyingine hufika matumboni, na bakteria sugu hutoka na mavi. Kutoka hapo hushika mkono wa mkamuaji, huingia katika ndoo, au hufika kwenye sukuma wiki pamoja na samadi mbichi.

Tena wana hila ambayo kupe hana. Mwaka 1959 wataalamu wa Japani walionyesha ya kuwa bakteria wa kuhara damu waweza kupokea usugu kutoka kwa bakteria wengine wa tumboni. Kwa hiyo bakteria wa ng'ombe asiyemdhuru mtu aweza kumpa silaha yule anayedhuru.

Hapa Kenya, watafiti wa KEMRI wamekuta katika damu ya watoto wagonjwa bakteria waitwao salmonela, wasiouawa na ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli, dawa zilizokuwa tegemeo la zahanati. Si haki kusema wote walitoka kwa mifugo. Wengine hupita kati ya watu. Lakini mtoto huyo akifika hospitali, dawa ya bei nafuu haimsaidii tena.

Wengine husema, "Sisi huchemsha maziwa." Vema sana, endeleeni, maana kuchemsha huua bakteria, hata walio sugu. Lakini dawa iliyomo ndani ya maziwa haiondoki yote kwa moto. Akina mama wanaotengeneza amabere amaruranu waweza kuliona hili wenyewe: maziwa yenye dawa pengine hukataa kuganda, kwa kuwa bakteria wema wanaoyachachusha wameuawa.

Kwa hiyo mwite daktari wa mifugo kwanza, upate dawa na kipimo chake, nawe uimalize kwa siku alizosema. Soma karatasi ya dawa: siku za kungoja zimeandikwa, za maziwa mbali na za nyama mbali. Hesabu kuanzia sindano ya mwisho, si ya kwanza. Mfunge ng'ombe huyo kamba shingoni ili hata kijana wa kukamua amjue, naye akamuliwe mwisho. Ng'ombe wa lita 8 kwa siku akingojewa siku 4, ni lita 32 za kumwaga. Ni hasara, hatukatai. Lakini usimpe ndama maziwa hayo ili kuiokoa, maana utawalea bakteria sugu tumboni mwake.

Hasara hiyo hupungua ukiosha na kukausha kiwele kabla ya kukamua, ukinawa mikono, na ukiweka pa kulala pakavu. Hasa pakavu, kwa mvua zetu hizi.

Na kuku je? Wako watu wanaotia unga wa tetrasaiklini katika maji ya kuku kila kideri kikisikika kijijini. Kideri huletwa na virusi, na dawa hiyo haiui virusi hata kidogo. Kinachozuia kideri ni chanjo, nayo hutolewa kuku wangali wazima.